Nyasi za Maegesho

Walinipa mchoro na mashina mia tatu
ndani ya vikopo vyeusi, mizizi imejizungusha
kama watu waliokwama kwenye lifti.
"Mbele ya maegesho," akasema meneja,
"wageni wa Oktoba wakute waridi limetanda."
Hakusema nyasi. Alisema rangi.

Nikachimba. Udongo wa pwani hii ya Karolina
ni mchanga usiotaka kuitwa udongo,
chumvi hupita ndani yake usiku, miguu mitupu.
Nyasi hizi hazitaki mbolea; ukizidekeza zinalala chali.
Hatua moja kati ya shina na shina,
shingo ya mzizi juu kidogo, isizame ikaoza,
maji wiki sita,
kisha uziache zijifunze kiu.

Mwaka wa kwanza hazikuwa chochote.
Nywele za mtu aliyeamka vibaya.
Mgeni mmoja aliniuliza kama nimesahau kufyeka.

Mwaka wa pili, Juni, saa kumi na moja alfajiri,
nikamkuta Vermelle Gadsden ameinama katikati ya safu yangu,
buti za mpira, kofia ya kanisani,
mkono mmoja umeshika shina kwa chini,
wa pili unachomoa unyasi mmoja mmoja,
kila mmoja ukitoka na ncha nyeupe kama jino la utotoni.

"Mama, hizo ni mali ya hoteli."
Hakuinuka.
"Na hoteli imekalia mali ya nani?"

Akanyoosha kidole kwenye kiwanja cha gofu.
Pale, nyuma ya vilima vya mchanga, mama yake alivuna,
kabla ya geti, kabla ya mlinzi na orodha yake ya majina.
Sasa yeye huendesha gari hadi Florida
kununua kwa mafungu kitu kilichoota mlangoni pake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Hapa mwenyeji huombea ruhusa dirishani.
"Mmezirudisha," akasema, "mkaziita pambo."

Sikumwita mlinzi. Sijisifu;
mlinzi alikuwa amelala, na mimi sikuwa nimekunywa kahawa.

Akaketi kwenye ukingo wa lami, akaanza.
Tita la nyasi, unene wa kidole,
linazungushwa, linafungwa kwa ukuti uliochanwa,
na tundu hutobolewa kwa kijiko cha bibi yake,
kichwa kimekatwa, mpini umesuguliwa hadi ukang'aa.
Mstari wa sindano za msonobari, kahawia,
kisha nyasi tena. Harufu ya majani makavu
na kitu kama maziwa yanayokaribia kuchemka.

"Usikate, Tolliver. Ukikata, shina linanuna.
Vuta taratibu, litakuachia
kama mtoto aliyeshika kidole chako akasinzia."
Jina langu alilisoma kifuani.

Oktoba ikaja. Meneja akatoka na simu yake.
Waridi kila mahali, ukungu uliosahau kupaa,
bibi harusi akaingia ndani yake hadi kiunoni
na viatu vyake mkononi.
Nilizikagua safu alizovuna Vermelle:
zilichelewa siku nne.
Hakuna aliyehesabu ila mimi.

Dukani, karibu na mapokezi, kikapu kimoja
kinauzwa bei ya mshahara wangu wa wiki.
Mgeni aliuliza nyasi zake hutoka wapi.
Nikaangalia buti zangu.

Februari ni mwezi wa kupunguza na kugawa.
Nilichoma jembe katikati ya mashina yaliyonenepa,
nusu nikairudisha shimoni, nusu nikaipakia kwenye pikapu,
ishirini na saba, chini ya turubai, bila risiti.

Nilizipanda uani kwake, kando ya barabara kuu,
kwa kamba na kipimo, hatua moja kati ya shina na shina.
Akatoka, akatazama kwa muda mrefu.
"Mbali mno," akasema. "Hapa hakuna wa kupiga picha.
Zisogeze. Zisikiane."

Nikang'oa zote, nikaanza upya.